Ndege Anayeitwa Kogo

Nimesimama, ndugu zangu. Wanaonijua wanajua nikisimama sikai haraka, kwa hivyo mwenye mtoto mgongoni amfunge vizuri, na mwenye sufuria huko nyuma aende aangalie moto wake kabla sijaanza. Mchungaji ameniambia nichukue dakika chache. Mchungaji wetu ni kijana mzuri, lakini hajawahi kulea mjukuu.

Nitasema kwa Kiswahili. Najua wengi wenu tungeelewana kwa lugha ya nyumbani, na Kiswahili changu kinatembea na fimbo. Lakini tuko hapa na majirani waliotoka upande wa ziwa, wanaofanya kazi kiwandani na kwenye yale mashamba makubwa ya chai, na katika haya ninayotaka kushuhudia yuko mmoja wao. Siwezi kumshukuru mtu kwa lugha asiyoisikia. Majina sitataja. Mwenye kujijua atajijua, na mkiona mtu ameinamisha kichwa msimgeukie.

Nimekuja kuwaambia jinsi mjukuu wangu alivyojifunza kupumua. Mimi sikumfundisha. Alifundishwa na ndege mnene wa manjano anayekaa ndani ya simu, na huyo ndege anaitwa kwa jina langu. Msicheke bado. Mtacheka baadaye, nitawaambia wakati.

Huyu mtoto aliletwa kwangu akiwa bado ananyonya kidole. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi kwenye maua huko Nakuru. Anatoka kabla ya jua, anarudi limezama, na nyumba yake ni chumba kimoja. Nikamwambia, lete mtoto huku kwangu, huku kuna maziwa, kuna hewa. Ndiyo, kinywa hiki ndicho kilichosema kuna hewa. Mzee wangu alikuwa ameshatangulia, na nyumba ilikuwa imenyamaza hata nikaanza kuongea na kuku. Mtoto akaja, nyumba ikapata sauti tena.

Lakini kifua chake! Ndugu zangu, nawaambia, kama hujakaa na mtoto mwenye pumu hujui kusikiliza. Unapika, lakini sikio liko kwake. Uko kwenye chai unachuma, lakini sikio umeliacha nyumbani. Kifua kinapiga filimbi. Ngozi iliyo katikati ya mbavu inaingia ndani, mabega yanapanda mpaka shingo inapotea. Anakuangalia tu. Hawezi hata kulia, maana kulia kunataka pumzi, na pumzi ndiyo hana.

Sasa sisi watu wa huku tunajua nini juu ya kifua? Tunajua baridi. Nani hapa hajui ukungu wetu wa asubuhi, ule unaoshuka juu ya majani mpaka mchumaji anasikia mwenzake akikohoa na hamwoni? Mtoto akikohoa, kila mama anajibu kabla hajaulizwa: ni baridi. Basi mimi nikapigana na baridi. Nilimvalisha sweta juu ya sweta, na kofia ya sufu juu, mpaka mtoto akawa kama kabichi. Dirisha la jikoni nililiziba kwa gunia. Akikohoa, namsogeza karibu na moto. Akizidi kukohoa, namsogeza tena. Msiniangalie hivyo. Na nyinyi mnafanya hivyo hivyo. Katika milima hii moto ndio dawa ya kwanza, mtoto anapewa hata kabla ya jina.

Na kwenye huo moto ndipo kazi yangu ilipo. Hapa nitajisifu kidogo, Mungu anisamehe. Vibuyu vyangu vya mursik vinajulikana. Kuanzia hapa mpaka Siongiroi, mtu akiwa na sherehe na anataka maziwa ya kibuyu yasiyomwaibisha, anaelekezwa kwangu. Kwa majirani wasiojua, nitaeleza. Unachukua vijiti vya mti wa senetwet, unavichoma mpaka viwe makaa. Kaa la moto unaliingiza ndani ya kibuyu, halafu unalisugua humo ndani kwa fimbo ya mtende, unasugua, unasugua, mpaka lisagike na ngozi ya ndani ya kibuyu iwe nyeusi na inukie. Baada ya hapo ndiyo unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, unafunga, unangoja. Moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu kama mtu anayevuta tumbako. Vumbi jeusi linapanda, linakaa kwenye nyusi, linakaa kwenye nguo. Mimi harufu hiyo naipenda kuliko sabuni yoyote. Mama yangu alinukia hivyo.

Na kazi ya kibuyu msichana anajifunza kwa bibi yake, akiwa amekaa hapo hapo gotini. Basi huyu wangu alikuwa anakaa hapo hapo gotini.

Mnaona ninakoelekea? Nyinyi mmeona upesi. Mimi sikuona.

Alilazwa Bomet, akatoka. Akalazwa tena. Ile mara ya pili binti yangu alikuja kutoka Nakuru, akasimama kando ya kitanda akiwa bado na koti la kazi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, sikulaumu. Lakini akilazwa tena, namchukua."

"Utamweka wapi? Kwenye hicho chumba?"

"Ndiyo. Kwenye hicho hicho."

"Na ukienda kazini ataangaliwa na nani?"

"Mama, sijui. Lakini kila nikipigiwa simu na namba ya huku, mikono yangu inakufa."

Kwa hivyo jambo lilikuwa moja tu: mtoto akikosa pumzi tena mpaka alazwe, nimempoteza. Kama si kwa kaburi, ni kwa Nakuru.

Hospitali walitupa dawa za kuvuta mbili, hizi zinazoitwa inhela. Moja ya bluu, moja ya rangi ya udongo. Nilizifunga kwa leso, nikaziweka juu ya kabati kama vitu vya thamani. Nilikuwa nimesikia kwenye mashamba, na nyinyi mmesikia, kwamba mtoto akianza inhela anaizoea, haachi tena. Kwa hivyo nilikuwa nazitoa siku mbaya tu.

Hapo ndipo anapoingia huyu jirani yangu wa upande wa ziwa. Mume wake yuko kiwandani. Amekaa hapa miaka mingi, ananiita Kogo, yaani bibi, kama wajukuu wangu wanavyoniita. Kitindamimba wake naye ana pumu. Alikuja kuomba moto, akamsikia mtoto akipiga filimbi pale kwenye kona.

"Kogo, inhela yake iko wapi?"

"Iko juu ya kabati."

"Inafanya nini huko juu? Kabati ndiyo ina pumu?"

Nikamwambia ya bluu ni ya siku mbaya, na ile ya rangi ya udongo tuliiacha mtoto alipopata nafuu.

"Aii, Kogo! Hiyo ya udongo ndiyo ya kila siku. Asubuhi na jioni, mgonjwa ama mzima. Ndiyo inamfanya asifike hiyo siku mbaya."

"Ataizoea."

"Na wewe chai umeizoea tangu lini? Nani amekuja kukufunga?"

Nilimwambia aondoke na moto wake. Akacheka, akaondoka. Lakini kesho yake akarudi, akaomba simu yangu, hii ambayo binti yangu alininunulia. Simu kwangu ilikuwa na kazi mbili, kupigiwa na kumulika njia ya chooni. Akaibonyezabonyeza, akaweka humo gemu ambalo yeye alionyeshwa kule kliniki ya watoto Kericho. Akamwita mjukuu wangu, wakainamisha vichwa pamoja. Nilisikia mlio kama wa kifaranga. Nikasema moyoni, haya sasa, mtoto hana pumzi, na akili nayo inakwenda.

Wacha niwaeleze hilo gemu, maana wengi mnafikiri ni ule upuuzi wa kupigana kwa bunduki. Ni ndege. Unapewa ndege mnene, unamchagulia nguo na jina. Ukivuta dawa yako ya asubuhi na ukambonyeza, anaamka. Usipovuta, anakaa chini kwenye nyasi, mabawa yamelegea, anakuangalia. Na wakati wa kuvuta dawa, yeye ndiye anakuonyesha mwendo. Unavuta hewa taratibu, na yeye anapanda taratibu. Unaishika pumzi, naye anaelea. Unaitoa, anashuka. Ukifanya haraka haraka, anaanguka puu, unarudia mchezo. Ndege hakubali mtu wa kukurupuka.

Na nesi wa dispensari yetu alikuwa ametutobolea chupa ya soda chini, inhela inaingia pale, mtoto anaweka mdomo upande wa pili. Dawa inakaa kwanza ndani ya chupa, halafu anaivuta polepole. Zamani nikimpulizia mdomoni, nusu ilikuwa inaishia kwenye ulimi na nusu kwenye sweta. Kwa hiyo chupa na huyo ndege, dawa ilianza kufika kifuani kwenyewe.

Asubuhi moja nasikia mtoto analalamika, "Kogo amekaa chini. Kogo hataki kuruka."

Nikaweka ndoo chini. "Nani hataki kuruka?"

"Si wewe, Kogo. Ni huyu."

"Kwani umempa jina langu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ni mnene, na amefunga kitambaa."

Nikaangalia. Ni kweli. Alikuwa amemvalisha kitambaa cha kichwa chekundu kama hiki changu.

"Na nikichelewa ananuna," mtoto akaongeza, akaenda mwenyewe kupanda kwenye stuli achukue dawa juu ya kabati.

Sasa mnaweza kucheka.

Ndugu zangu, nimelea watoto wengi, na nimewakimbiza wengi na kijiko cha dawa kuzunguka nyumba. Sijawahi kuona mtoto anayejiendea mwenyewe. Huyu alikuwa anaamka, hata uso hajanawa, anataka kujua kama Kogo ameamka. Leso yangu niliifungua, nikazishusha dawa zote mbili kutoka juu ya kabati, nikazitundika pamoja na chupa kwenye msumari karibu na kitanda chake. Na jioni, chakula kikiwa kwenye moto, nilikuwa nasimama nyuma yake, eti namchana nywele. Nywele gani? Nilikuwa naangalia ndege. Mkono wa mtoto ulikuwa unapanda pamoja na huyo ndege, polepole, kiganja juu, halafu unashuka. Nami kifua changu kikawa kinapanda na kushuka bila mimi kukituma.

Filimbi ikapungua. Haikuisha, ilipungua. Akarudi shule, akakaa wiki bila kurudishwa. Mwalimu wake alinikuta sokoni akaniuliza nimempa mtoto mitishamba gani. Nikamwambia, ndege.

Halafu huyo ndege akaniingilia jikoni.

Gemu lilifika mahali pengine. Sasa ndege ana nyumba, na ndani ya nyumba kuna maadui wamejificha, mtoto anawatafuta na kuwagusa. Vumbi liko chini ya kitanda na lina macho. Manyoya ya wanyama yana miguu. Na moshi ni jamaa mrefu mwenye shingo kama ya twiga, anajibanza nyuma ya milango. Ukimgusa anakimbia, na ndege anapata mbegu. Mjukuu wangu aliwamaliza wote. Halafu akainua kichwa akasema, "Kogo, wacha tutafute wa kwetu."

Nikasema tafuta, nikidhani ni mchezo. Alitembea nyumba nzima kama afisa wa afya. Akatoa ngozi ya kondoo kitandani kwake. Akamtoa paka, paka akakasirika. Akaja jikoni, akaonyesha gunia la dirishani, "Hili linamfungia moshi." Nikasema sawa, tutalitoa siku ya jua. Akaonyesha moto, nikasema sawa, lakini tutapikia nini, mate? Akacheka. Halafu akasimama mbele ya vibuyu vyangu vilivyoning'inia kwenye ukuta.

"Kogo, na hivi pia."

"Hivyo hapana."

"Ukisugua ndiyo nakohoa sana. Kuliko moto."

"Ni baridi hiyo."

"Siku ya kusugua hakukuwa na baridi."

Nikamwambia, "Sikia, wewe mtoto. Toa ngozi, toa paka, toa hata paa ukitaka. Hivyo vibuyu bibi ya mama yangu alivisugua hivyo hivyo, na hakuna aliyekufa kwa harufu nzuri."

Alienda akakaa na ndege wake. Yeye si mtoto wa kujibizana, na hilo ndilo liliniuma zaidi, maana mtu akijibu angalau una kitu cha kupigana nacho.

Baada ya hapo ikaja koito ya mpwa wangu, ile siku ambayo ukoo wa kijana unakuja kuomba msichana. Wageni wangetoka upande wa Sigor, watu wa ng'ombe, watu wanaojua maziwa. Mnafikiri nani aliambiwa alete mursik? Nilipanga vibuyu jikoni vyote, makaa ya senetwet yakawa mekundu, nikaanza kazi siku kadhaa kabla, ili maziwa yapate kuganda. Mjukuu wangu nilimwambia acheze nje. Lakini mvua ilianza, na mtoto akinyeshewa huku tunafanya nini? Tunamwita ndani. Nikamwita ndani. Akakaa mlangoni. Mlangoni kuna upepo, nikamwambia asogee.

Nilikuwa kwenye kibuyu kikubwa kuliko vyote, nimekibana kati ya magoti, nasugua na kuimba. Sikusikia filimbi. Nilichosikia ni filimbi kuacha kulia. Ndugu zangu wenye watoto wa pumu, mnajua. Kifua kikilia, bado hewa inapita. Kikinyamaza, ogopa.

Nikageuka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Nikaangusha kibuyu. Na mimi, mwanamke mzima niliyezika mume na kuzalisha ng'ombe peke yangu gizani, niliganda. Nilishika simu, nikaibonyeza, simu haina chaji. Nikaanza kumwita ndege! Nawaambia ukweli, nilisimama katikati ya jikoni nikipiga simu iliyozimika kwa kiganja, nikisema, amka, amka.

Mtoto akanishika mkono. Hakuweza kusema, hata neno moja. Alinivuta kuelekea mlangoni. Nilitaka kumrudisha kwa moto, kwa sababu nje kuna mvua na baridi, mwili wangu wote ulikuwa unataka kumpeleka kwenye moto. Akakataa kwa kichwa. Akanivuta mpaka nje chini ya paa la ghala, mahali ambapo hewa ni safi. Akakaa wima, hakulala. Akaonyesha kwa kidole kule msumarini. Nikakimbia nikaleta chupa na zote mbili. Akachagua ya bluu. Akaitikisa, akaiingiza kwenye chupa, akabonyeza. Halafu akaanza kuvuta haraka haraka, kwa hofu, kama kifaranga aliyetoka kwenye maji.

Na hapo, ndugu zangu, nikajua la kufanya. Si nilikuwa nimesimama nyuma yake jioni zote zile nikichana nywele? Nilipiga magoti kwenye tope mbele yake. Nikainua mkono wangu, kiganja juu, polepole. Huu huu, mweusi wa masizi. Nikaupandisha mpaka usawa wa uso wangu. Nikauacha uelee. Nikaushusha. Macho yake yakaushika mkono. Nikapandisha tena. Mimi ndiye nilikuwa ndege. Nilikuwa mnene, nimefunga kitambaa, na sikukubali mtu wa kukurupuka. Pumzi yake ikaanza kufuata mkono. Akabonyeza tena, nikapandisha tena. Filimbi ikarudi, na sijawahi kusikia wimbo mtamu kama huo, maana filimbi ni hewa inayopita.

Jirani yangu alisikia kelele zangu, akasimamisha boda boda, tukafika dispensari mtoto katikati yetu, bado anapandisha mkono wake mwenyewe. Nesi akamvutisha mvuke wa dawa, akamsikiliza mgongoni, akamsikiliza tena, akasema, "Huyu hahitaji kwenda Bomet. Atakaa hapa tumwangalie, jioni aende nyumbani." Halafu akamuuliza mtoto, si mimi, "Ulifanya nini?"

Na mtoto akaeleza, kwa sauti nyembamba. "Nilitoka kwa moshi. Nikakaa wima. Nikavuta ya bluu kwa chupa, polepole. Kogo akanisaidia."

"Kogo yupi?" nesi akauliza, maana hata yeye alikuwa ameshasikia habari za ndege.

"Wote wawili."

Wakati huo binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja mapema kwa ajili ya koito, akakuta nyumba iko wazi, vibuyu viko chini, akaelekezwa dispensari, akakimbia na viatu vya sherehe mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akanitazama. Akatazama mikono yangu myeusi. Nilijua neno linalofuata, nikamwambia kabla hajalisema, "Hajalazwa. Lakini umeona mwenyewe. Ukitaka kumchukua, sitakuzuia."

Aliketi kando ya mtoto. "Twende Nakuru, mama?" Anamwita hivyo, mama, kwa mapenzi.

Mtoto akafikiri. Huyu mtoto hufikiri kwanza, sijui amemfuata nani, si mimi. Akasema, "Nakuru maadui wamejificha wapi?"

"Maadui gani?"

"Wa kifua. Wa kwa Kogo nimeshawakamata wote. Amebaki mmoja tu."

Binti yangu akanigeukia. "Mama, amebaki yupi?"

Ndugu zangu, kuna maneno yanayopita kooni kama mfupa. Nikasema, "Vibuyu."

Siku ya koito wageni wa Sigor walikunywa chai na soda. Koito bila mursik yangu! Dada yangu hakuniangalia mpaka jioni. Mzee mmoja wa wageni aliuliza kwa sauti, yale maziwa tuliyoambiwa yako wapi, na mimi nikasimama, kama nilivyosimama leo, nikawaambia sababu. Halafu mama mmoja katika wageni akaja kando yangu akaniuliza, "Huyo ndege, anaweza kuingia kwa simu kama hii yangu?" Msichana aliombwa, akakubaliwa, na dunia haikuanguka.

Leo vibuyu vyangu viko chini kabisa ya shamba, penye mstari wa mwisho wa chai, mahali ambapo upepo unashuka kwenda mtoni. Nasugulia huko. Navaa eproni yangu ya kuchumia majani, nikimaliza naivua huko huko, naitundika uani, nanawa mpaka kwenye viwiko kabla sijaingia ndani, na kitambaa nabadilisha. Mjukuu wangu ndiye mkaguzi. Ananinusa mlangoni kama mbwa wa polisi. "Kogo, rudi, shingo bado." Nami narudi. Nani mwingine katika kijiji hiki anaweza kunirudisha kutoka mlango wangu mwenyewe? Kazi ya kibuyu ameanza kujifunza kutoka upande wa maziwa, kuchemsha, kumimina, kuonja na kusema bado ama tayari. Ulimi wake ni mkali kuliko wangu. Hiyo ya kusugua itangoja. Kama kifua hakitakubali kamwe, basi na kisikubali, na mursik itakuwepo tu.

Mama yake alirudi Nakuru peke yake. Akipiga simu sasa anaanza kwa kuuliza, "Kogo ameruka leo?" na mikono yake haifi tena.

Nimshukuru nani kwanza? Nakushukuru wewe jirani yangu, uliyefukuzwa pamoja na moto wako, ukarudi kesho yake. Ulinicheka, na ulikuwa na haki. Nakushukuru nesi wetu, uliyemuuliza mtoto badala ya kuniuliza mimi. Wanaume wa kanisa hili waliokuja na mabati wakanitengenezea chimni, na lile gunia la dirishani wakalifanya la kufutia miguu, Mungu awape mikono zaidi. Na hao watu wa mbali, sijui ni akina nani, waliokaa mahali fulani wakafikiria mtoto asiye na pumzi na kumchorea ndege mvumilivu, sitawaona, lakini popote walipo wajue kuna bibi huku kwenye chai anayewaombea kila jioni.

Na nyinyi nawaambia hili. Ndege hana dawa, msije mkanielewa vibaya. Dawa iko kwenye inhela, ile ya kila siku ni ya kila siku hata mtoto akiwa anaruka kama ndama, na mtoto akizidiwa mpelekeni kwa nesi, msipeleke kwa moto. Ndege ni wa kumfanya mtoto aishike kazi ya kifua chake mwenyewe. Na ukimwona mtoto ameinamia simu, kabla hujamnyang'anya, nenda ukasimame nyuma yake kidogo. Jifanye unamchana nywele. Pengine siku moja simu itazimika, na wewe ndiye utakayehitajika kuruka.

Mnakumbuka wimbo wa kwaya ya watoto asubuhi hii? Ule mstari mrefu ambao wengine wote walikata katikati wakavuta pumzi, na sauti moja ikaendelea, ikaendelea, mpaka mwisho? Mliangaliana mkiulizana ni mtoto wa nani. Sitataja jina, nilisema sitataja. Lakini namwona kule benchi la nyuma, ameinua mkono, kiganja juu, anaupandisha polepole. Hanipungii. Ananiambia nimesema sana, nivute pumzi.

Basi ninavuta. Kongoi, yaani asanteni, ndugu zangu. Nakaa chini.